Bunduki Inayongoja

Mume wangu alimpiga ndugu yangu risasi Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, watu kumi na wanne wakitazama. Kwa hivyo nani alifanya, hilo halina mjadala. Nilichotaka kujua mimi ni kama alikusudia, na kwa siku tisa sikumpata mtu wa kuniambia. Bunduki yenyewe ilisema mengi, lakini kila ilipozidi kusema ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa.

Nianze na bunduki. Nikianza na wanaume hawa wawili nitakasirika na sitamaliza.

Ililetwa kwa majaribio kwenye Hifadhi ya Kyanzou, hapa kwetu chini ya Kibwezi, ambako mume wangu Munyao ni mlinzi. Kampuni iliyoitengeneza ilimtuma kijana aitwaye Jamal aje kuifundisha. Jamal ni mtoto wa Mwingi, mpole, na Kikamba anakijua kuliko watoto wangu. Ile bunduki aliibeba kama mtoto mchanga wa wenyewe. Juu yake palikuwa na darubini nene, na ndani ya darubini mlikuwa na kompyuta.

Siku ya kwanza ya mafunzo niliwapelekea muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, nikabaki kusikiliza, maana mimi si wa kuweka sufuria chini na kuondoka. Jamal alieleza taratibu. Unamtafuta mnyama kwenye skrini iliyo ndani ya darubini. Unabonyeza kitufe, na nukta nyekundu inamkaa mwilini. Akitembea, inamfuata. Kompyuta inapima umbali, inapima upepo, inapima hata joto la asubuhi. Halafu unavuta triga na kuishikilia, na hapo ndipo nilipoacha kuelewa, kwa sababu ukivuta triga ile bunduki hailii. Inangoja. Wewe unausogeza ule msalaba mdogo kwenye skrini polepole kuelekea nukta, na vikikutana tu, bunduki inajifyatua yenyewe.

"Na nikibadilisha mawazo?" Munyao akauliza.

"Unaachia kidole tu, mzee. Ukiachia, imeghairi. Haiwezi kutoka."

"Kwa hivyo anayepiga ni nani? Ni mimi ama ni hiyo kompyuta?"

Jamal alicheka. "Mnasaidiana," akasema.

Kampuni ilitaka mtu ambaye hajawahi kushika bunduki maishani, ili ionekane kwamba yeyote anaweza. Munyao alifaa kabisa. Kabla ya hifadhi alikuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge kwa miaka kumi na minane, na silaha yake ilikuwa upinde. Wakaweka mtungi wa plastiki wa maji mita mia saba kutoka pale, mbali hata mimi sikuuona, na Munyao akautoboa kwa risasi ya kwanza. Watu walipiga makofi. Mimi nilijivuna mpaka nikasahau sufuria yangu.

Sasa hao wanaume. Nthiwa ni kitinda mimba wetu. Tulizaliwa Nuu, na baba yetu alimfundisha upinde kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Munyao alipokuja kunichumbia, baba hakumuuliza habari za shule wala za kanisa. Alimpa upinde akamwambia apige kibuyu kilichoning'inia kwa kamba kwenye ua. Alipiga. Nthiwa, kijana wa miaka kumi na tano wakati huo, akachukua upinde uleule akaikata ile kamba iliyokishikilia kibuyu, kikaanguka. Tangu siku hiyo walikuwa wakitaniana kuhusu nani ana jicho, na nilipoolewa Makueni, Nthiwa alinifuata miaka michache baadaye, kwa sababu Nuu hakuna maji na huku kuna mfereji. Akalima matikiti karibu na sisi. Nilikuwa mwanamke mwenye bahati, ndugu upande huu na mume upande ule.

Huo mfereji ndio uliotuharibu. Maji yanakwenda kwa zamu, na mwaka jana wakati wa kiangazi Nthiwa alichukua maji siku yetu. Anasema alikosea siku. Munyao hakumjibu kitu. Zamu ya Nthiwa ilipofika akafunga lango la mfereji kwa kufuli na kwenda kazini na ufunguo. Matikiti ya ekari mbili yalikauka. Tangu hapo hawakusalimiana. Kanisani mmoja anakaa upande wa madirisha na mwingine upande wa mlango, na mimi katikati nikiimba kwa nguvu ili watu wasione. Halafu mwezi wa tatu, pale kwenye mashine ya kusaga, Munyao akasema mbele za watu: "Huyo siku moja atanitambua."

Alisema hivyo kwa hasira ya mchana mmoja. Lakini watu huhifadhi maneno kama hayo, na siku ikifika wanayatoa yakiwa mazima.

Kulikuwa na nyati aliyemjeruhi mama mmoja aliyekwenda kuchota maji mtoni, na kibali cha kumpiga kilikuwa kimetoka. Asubuhi ile ya Jumanne alionekana kwenye kichaka chini ya shamba la Nthiwa. Munyao alilala kifudifudi kwenye kilima, Jamal kando yake, na sisi wengine nyuma yao tukiwa tumeambiwa tusikohoe. Nyati akatoka. Nilimwona Munyao akibonyeza kile kitufe. Niliona kidole kikivuta triga. Bunduki ikangoja, kama tulivyofundishwa.

Na hapo Nthiwa akatokea katikati ya matikiti na kipande cha bati, akiligonga kwa fimbo kumfukuza nyati asikanyage shamba. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Waliopaswa kumwambia walidhani mwingine amemwambia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Akakatiza mbele ya nyati. Nilifungua mdomo nimwite. Bunduki ikalia.

Nthiwa alianguka. Nyati alirudi kichakani, na nilipata habari kwamba alivuka mto siku hiyohiyo. Nilikimbia mteremko ule bila viatu, na nyuma yangu nilisikia sauti ya Munyao ikisema neno moja tena na tena: "Nilishika. Nilishika. Nilishika."

Risasi ilikuwa imevunja bega la kulia. Nthiwa aliishi. Madaktari walisema ingeingia kidogo tu upande wa ndani tungekuwa tunachimba.

Siku ya tatu tuliitwa kwenye ofisi ya hifadhi. Kumbe ile darubini inarekodi kila kitu. Jamal aliweka tableti juu ya meza, na afisa wa polisi, mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka upande wa Magharibi, akavuta kiti karibu. Tukatazama. Nyati akatoka kichakani, nukta nyekundu ikamkaa. Chini ya picha kulikuwa na mstari wa kijani, na Jamal akaeleza kwa sauti ya chini kwamba huo ndio kidole. Mstari ukiwa juu, triga imeshikwa, na kadiri inavyobanwa ndivyo unavyopanda. Ukianguka, imeachiwa.

Nthiwa akaingia kwenye picha kutoka kushoto. Nukta ilibaki kwa nyati, lakini nyati sasa alikuwa nyuma ya mwili wa ndugu yangu, kwa hivyo ilionekana kana kwamba imemkaa yeye. Na mstari wa kijani haukuanguka. Ulipanda. Sekunde nne nzima Nthiwa alikuwa wazi kwenye ile skrini, na kwa sekunde nne mstari ulizidi kupanda, mpaka msalaba ukatikisika ukakutana na nukta.

Afisa alimwangalia mume wangu. "Mzee Munyao, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Na ulijua jinsi ya kuzuia hii bunduki isipige?"

"Najua. Unaachia kidole."

"Uliachia?"

"Hapana. Nilishika."

"Kwa nini?"

"Ili nisimpige."

Afisa alimuuliza tena, polepole, labda Kiswahili kilikuwa kimewapotezea njia. Akajibu vilevile. Jamal akamuuliza kwa Kikamba, na kwa Kikamba pia akajibu vilevile. Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, sikuuona. Nilitafuta wazimu, sikuuona pia. Alikuwa akiutazama mkono wake kama mtu aliyeketi karibu na mgeni kwenye matanga, asijue ni wa upande gani.

Afisa alifunga daftari. Akasema atangoja maneno ya Nthiwa mwenyewe, ambaye daktari alikuwa hajaruhusu aulizwe maswali. Angemwona Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nthiwa akisema ilikuwa makusudi, pamoja na hayo ya mashine ya kusaga na hayo ya mfereji, Munyao angeshtakiwa kwa kujaribu kuua. "Na picha iko hivi," akasema, "mimi sitakuwa na la kumsaidia."

Nilirudi nyumbani na mwanamume nisiyemjua. Nilihamia chumba cha binti yetu Mwende, ambaye yuko chuoni. Nilipika, nikamwekea, nikaondoka mezani. Sikujua ninamkasirikia nani. Asubuhi nilikuwa na hakika kwamba Munyao hawezi, nimeishi naye miaka ishirini na saba, analia wakati wa kuchinja mbuzi. Mchana nilikumbuka ule mstari ukipanda. Jioni nilikuwa namchukia Nthiwa kwa kugonga bati. Niliomba, na hata maombi niliyachanganya, nikamwomba Mungu amwokoe ndugu yangu na mume wangu kila mmoja kutoka kwa mwenzake.

Siku ya tano nikamkabili. "Baba Mwende, niambie mimi, si polisi. Ulitaka?"

"Nilishika, Mama Mwende."

"Hilo ndilo kosa lenyewe! Uliambiwa uachie!"

"Najua," akasema. "Najua niliambiwa. Sijui ni nini kilinipata."

Nilimwambia aache kunifanya mjinga, nikabamiza mlango mpaka picha ya arusi ya dada yangu ikaanguka.

Jumatano, siku ya nane, nilikuwa nikipeleka beseni la maji ya kufulia nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimenuna, natazama chini. Munyao alikuwa amesimamishwa kazi, na kwa kukosa la kufanya aliushusha upinde wake wa zamani, akaufunga kamba mpya, na sasa alikuwa akiujaribu kwa kulenga shina la mpapai. Sikumwona. Nilitembea na beseni langu hadi katikati, kati ya mshale na mpapai, ndipo nikainua macho.

Alikuwa ameuvuta hadi sikioni. Chuma cha mshale kilikuwa kimenielekea kifuani, hatua sita. Nilisimama. Sitasema sikuogopa. Huyu ni mtu ambaye kwa siku tano nilikuwa nalala nimefunga mlango kwa sababu yake.

Hakuachia. Niliviona vidole vyake vitatu vikiibana kamba, vikazidi kuibana mpaka kucha zikawa nyeupe, na mkono mzima ukaanza kutetemeka kwa nguvu alizotia. "Pita," akasema, meno yameumana. Nikapita. Ndipo akairudisha kamba polepole, kidogo kidogo, mpaka upinde ukalegea, akakaa chini akihema.

Beseni lilinitoka. Nilisimama na sketi imelowa nikiviangalia vile vidole. Nilitaka kumwambia, kisha nikajizuia. Mimi ni mke wake. Nilitaka sana iwe hivyo, na mtu akitaka kitu sana huona anachotaka. Nilihitaji kukisikia kwa mtu ambaye hataki.

Kesho yake Alhamisi nilifika hospitalini kabla ya afisa. Nthiwa alikuwa ameegemezwa kwa mito, bega na mkono wa kulia vimefungwa bendeji, vidole tu nje.

"Kama umekuja kumwombea huyo mtu, rudi," akasema.

"Sijakuja kumwombea mtu. Nataka unijibu swali. Uko Nuu, nyumbani, umevuta upinde mpaka mwisho. Kuna kanga mbele yako. Mara mimi natokea na mtungi wangu, napita katikati. Unafanya nini?"

"Dada, wewe umechoka."

"Nijibu."

Alinitazama kwa hasira. "Nashika. Si nitashika?"

"Kwa nini usiachie?"

"Kwani una wazimu? Nikiachia si utakufa?"

Vidole vyake vilivyokuwa nje ya bendeji vilikuwa vimejikunja ngumi, na nadhani vilimuuma, kwa sababu aliviangalia. Kisha uso ukamgeuka akakasirika upya.

"Hiyo haikuwa upinde," akasema. "Hiyo ni bunduki ya kompyuta. Alifundishwa wiki nzima."

"Na upinde alifundishwa miaka mingapi?"

Nje ya wodi mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia, na tulikisikiliza mpaka kikapita.

"Wanasema kuna mstari," akasema. "Wa kijani. Unaonyesha kidole."

"Uko."

"Nilipotokea, ulifanya nini?"

"Ulipanda."

"Ulipanda kidogo ama ulipanda sana?"

"Ulifika juu kabisa," nikasema. "Uliendelea kupanda mpaka ikalia."

Ndugu yangu aligeuza uso ukutani. Nilidhani ni maumivu, nikataka kumwita muuguzi, lakini mabega, lile zima na lile bovu, yalikuwa yakitikisika, na nikaelewa. Watu wote ofisini walikuwa wameuona mstari ule na kuona chuki. Mimi pia. Na mume wangu alikuwa akitumia kila nguvu aliyonayo mwilini asimuue, na bunduki ilikuwa ikingoja hapo, inahesabu kila nguvu kuwa ni ndiyo.

Afisa aliingia saa nne na daftari lake. Akavuta kiti, akaandika tarehe.

"Andika hakutaka," Nthiwa akasema kabla ya kuulizwa.

"Umejuaje?"

"Ile mashine imesema alibana kwa nguvu?"

"Kwa nguvu zake zote," afisa akasema. "Hilo ndilo linalonisumbua."

"Andika na hiyo pia. Iandike kwanza, kabla ya hilo la hakutaka."

Alimweleza. Mimi nikamweleza. Tulimwonyesha kwa mikono, yeye mkono mmoja na mimi miwili, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kanyangi, akaingilia akamweleza kwa mara ya tatu bila kualikwa. Afisa aliuliza ni nani anayeshika na ni nani anayeachia, akafuta, akaandika tena. Mwishoni aliandika kwamba mlalamishi hana lalamiko, akamwekea Nthiwa wino kwenye kidole gumba cha kushoto atie alama. Sidhani alielewa. Ripoti ya kampuni ilipokuja nayo ilisema ni kosa la mtumiaji, ikaishia hapo.

Nilimpigia Munyao simu. "Vaa shati safi, uje."

"Nije nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Wewe njoo."

Alifika saa nane. Nilimweleza yote pale mlangoni, ya upinde na ya mstari, na alisikiliza akiwa anaugeuza mkono wake, kiganja juu, kiganja chini. Alikuwa hajui. Siku tisa mtu huyu alikuwa ameubeba mkono wake mwenyewe asijue ulifanya nini, na mimi nikamfungia mlango. Nilimwambia anisamehe. Alitikisa kichwa, sikujua ni kwa kukubali au kwa kushangaa.

Aliingia, akakaa kwenye kiti cha afisa. Hawakusalimiana. Nthiwa alitazama dari na Munyao alitazama bendeji. Walikaa hivyo mpaka nikaanza kupata hasira.

"Daktari anasema huu mkono hautavuta tena upinde," Nthiwa akasema hatimaye.

Munyao aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea magotini, na hakuyafuta. Baadaye akauliza kwa sauti ambayo haikuwa yake: "Shemeji. Ungekuwa wewe umelala pale, na mimi ndio nimepita. Ungeachia?"

Nthiwa alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, na niliona kwamba hakuwa anatafuta maneno ya kumfariji. Alikuwa amelala pale kilimani na ile bunduki mikononi.

"Ningeshika," akasema. "Na mimi sitetemeki kama wewe. Tungekuwa tumekuzika Jumamosi."

Munyao aliinua uso. Mmoja wao akaguna, sijui ni yupi, na mguno ukawa kicheko, wote wawili wanacheka huku wanalia na Nthiwa anamsihi mwenzake anyamaze kwa sababu bega linamuua. Mimi sikujua nicheke au nilie, wala ni nani kati yao nimpige kofi. Nikatoka nje kutafuta mahali wanapouza chai.